Nina laki nne, chumba cha futi 10 kwa 12 na katoni la kanda za marehemu baba. Nianzie wapi kupata muziki safi?

Mwana_Rangi3

Habarini wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nimepanga chumba kimoja huku Mbagala Rangi Tatu. Kuta za tofali zimepigwa plasta, chini vigae, dirisha moja. Nina kitanda, kochi la watu wawili na kabati. Ukuta wa nyuma ya kitanda nachangia na mama mmoja mwenye mtoto mchanga, kwa hiyo kelele sitaki.

Baba alifariki mwaka jana. Kwenye kugawana vitu mimi niliomba katoni lake la kanda tu, na nimezihesabu ziko 63. Nyingi alirekodi mwenyewe kwenye redio kaseti akiwa Kilosa, vipindi vya dansi na taarab vya RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, miaka ya themanini. Juu ya kila kanda ameandika tarehe kwa peni ya bluu. Redio kaseti yenyewe ilishakufa zamani.

Nataka nizisikilize vizuri, na pia nipige muziki kutoka kwenye simu. Nina laki nne, nimeiweka kidogo kidogo tangu mwezi wa pili. Juzi nilikwenda Kariakoo, muuzaji akanionyesha sabufa yenye spika tano, imeandikwa wati 8,000, bei laki tatu na nusu. Alipoiwasha kifua kilitikisika kweli. Lakini nilipomwomba aweke wimbo wa dansi kutoka kwenye simu yangu, mwimbaji alisikika kama yuko ndani ya ndoo, na magitaa mawili yakawa kitu kimoja. Nikashukuru nikatoka.

Je, kwa hela hii muziki safi unapatikana, au nisubiri nijazie? Natanguliza shukrani.

Kijana_wa_Keko

Mkuu chukua hiyo sabufa, shusha besi, maisha yaendelee. Mimi ninayo mwaka wa tatu sasa. Ukianza mambo ya amplifaya mbali na spika mbali utamaliza hela kwa mafundi. Ila hapo kwenye ndoo nakuunga mkono, hata yangu sauti za watu haziko sawa, nilishazoea tu.

Fundi_Chumbageni

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Usisubiri. Laki nne inatosha kabisa kwa chumba hicho, na ulifanya vizuri kutoka dukani. Ulichokisikia ndicho sikio linatakiwa likisikie. Mimi natengeneza redio tangu 1984, nilianzia kibandani kwa mjomba wangu hapa Tanga, na wateja wengi wanaoniletea vyombo vipya wanalalamikia jambo hilo hilo: besi ipo, mtu anayeimba hayupo.

Tuanze na hizo wati. Siku ukirudi dukani, omba boksi ligeuzwe usome kibandiko cha nyuma, pale unapoingia waya wa umeme. Utakuta pameandikwa kitu kama 230V 50Hz 60W. Hicho ndicho chombo kinachokula. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa wati 8,000, hazina pa kutoka.

Na wala huzihitaji. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati moja, ukakaa mita moja mbele yake, inakupa desibeli kama 87. Wewe utakaa mita mbili hivi. Sauti ya kusikiliza kwa raha ni kama desibeli 75, na kwa umbali huo spika inakula robo wati. Robo wati, mwanangu. Nyingine zote ni akiba ya pale ngoma inapopigwa ghafla. Tena kila ukitaka kuongeza desibeli 3 lazima wati uzizidishe mara mbili, ndiyo maana ukitoka wati 20 kwenda 40 sikio linaona tofauti ndogo tu. Amplifaya ya wati 20 za kweli kila upande itakutosha mpaka utakapojenga kwako.

Mimi hiyo laki nne ningeigawa hivi: spika laki na themanini, amplifaya tisini, deki ya kanda sabini, waya na plagi ishirini. Arobaini ibaki mfukoni kwa mikanda ya mpira ya deki na nauli. Spika ndizo zinazochukua hela nyingi kwa sababu hazina kificho: zikiwa mbovu, hakuna amplifaya ya kuziponya.

Tafuta spika za mtumba kutoka Ulaya, zile fupi za kuweka juu ya stendi, zenye woofa (ile kubwa ya besi na sauti za katikati) ya inchi 5 au 6 na nusu na twita moja (ile ndogo ya sauti kali). Ndefu za kusimama chini usichukue, chumba cha futi 10 kitajaa besi ya kuvimba. Ukikutana na Wharfedale, Mission au Tannoy nzima, simama uziangalie vizuri. Na uende na vitu vitatu: testa ya kupimia umeme, betri ya redio ya volti 1.5 na kipande cha waya.

Kwanza toa kitambaa cha mbele. Ule ukingo unaoshika koni ya woofa uguse kwa kidole. Kama ni mpira, unanepa na kurudi, na huo unadumu sana. Kama ni sponji, bonyeza taratibu. Sponji iliyokufa inanata kidoleni au inapukutika kama mkate mkavu. Huku pwani joto na unyevu vinaimaliza mapema zaidi. Mwaka 2009 nilimchagulia mteja spika nzuri sana nikasahau kugusa ukingo. Siku ya pili tu alipoongeza sauti, pete nzima ya sponji ikaachia, woofa ikawa inakoroma. Nilizibadilisha pete kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo kidole changu kinatangulia kabla ya sikio.

Halafu weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, isukume ndani kidogo, sawasawa pande zote. Ikisugua kwa ndani, kama kucha juu ya karatasi, koili imepinda au imeungua. Acha. Pima na testa kwenye vituo vya nyuma: spika ya omu 8 itasoma kama 6, na hiyo ni nzima. Ikisoma sifuri au isiposoma kitu, rudisha. Mwisho gusisha betri kwenye vituo, chanya kwa chekundu. Koni lazima ichupe kuja mbele. Ikirudi nyuma, kuna fundi aliyewahi kugeuza waya humo ndani. Na twita uisikilize peke yake, sikio karibu kabisa, maana twita iliyokufa muziki unaendelea kutoka na mtu asiyejua haoni kilichopungua.

Amplifaya, chukua kile kidogo cha chuma chenye IC (kijichipu cha kukuza sauti) ya TPA3116. Hakina transfoma ndani, kinakula chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19. Kwa volti 19 na spika za omu 8 utapata wati 20 hivi kila upande, safi kabisa. Nakipendekeza kwa sababu moja kubwa ya hapa kwetu: chaja nyingi za kompyuta zinapokea volti 100 hadi 240. Umeme ukishuka jioni wakati kila jirani amewasha pasi, chaja haishtuki na muziki haubadiliki.

Watu watakushauri amplifaya za zamani za Kijapani. Ni nzuri mno, mimi mwenyewe ninayo. Lakini soma nyuma kabla ya kuchomeka. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100. Mwaka 2003 niliunguza moja ya mteja hivyo hivyo. Jioni, haraka, nikachomeka kwenye 230 bila kusoma. Ililia "pa" mara moja, moshi ukatoka kwenye matundu ya juu, harufu ya vanishi iliyoungua ikakaa kibandani siku tatu. Transfoma kwisha. Nilimlipa kwa miezi minne. Ukikuta ya volti 100 na unaipenda, lazima ununue na transfoma ya kushusha umeme, na hapo laki nne yako haitoshi.

Waya wa spika, milimita 1.5 za mraba za shaba halisi zinatosha kwa mita tano, huhitaji wa bei mbaya. Kwaruza ncha kwa kisu: ukionekana mweupe kwa ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mwachie mwenyewe.

Sasa kanda za mzee, hapa nakuomba usome taratibu. Alirekodi kutoka masafa ya kati kwa redio kaseti. Maana yake ni mono, sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia, na sauti kali za juu hazimo kabisa, redio nyingi za masafa ya kati hazikuwa zinapitisha kitu cha maana juu ya hezi 5,000. Kila kilichomo kiko katikati: koo za waimbaji, magitaa, saksafoni, tarumbeta, fidla. Ndiyo maana nakusukuma kwenye woofa nzuri ya inchi 6 badala ya boksi la besi. Sabufa inapiga chini ya muziki wa mzee na vispika vyake vidogo vinapiga juu yake. Pale katikati, alipo mwimbaji Gurumo na wenzake, hakuna mtu.

Deki ukiinunua, badilisha mikanda ya mpira hata kama inazunguka, kisha safisha hedi, kile kichuma kinachosoma kanda, na kile kigurudumu cha mpira kwa spiriti na pamba ya masikio mpaka pamba itoke nyeupe. Usianze na kanda ya mzee, anza na ya majaribio. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Ukiwa unacheza kanda yake, izungushe kidogo sana, robo kwa robo, utasikia sauti inafumba na kufumbuka. Pale inapofumbuka zaidi, acha. Umeweka hedi yako kwenye pembe ile ile iliyokuwa nayo redio yake siku anarekodi. Kumbuka ulikoanzia, kwa sababu kanda alizorekodia kwenye redio nyingine zitataka pembe nyingine.

Mke_wa_Baharia

Kaka pole, Mungu amrehemu mzee. Mimi niko Mombasa. Fundi amemaliza mambo ya vyombo, nami nina la chumba, kwa sababu nilinunua spika nzuri nikazichukia mwezi mzima, kumbe ubaya ulikuwa wa kuta.

Simama katikati ya chumba upige kofi moja. Kikikujibu "trrr", kama sarafu inayotetema sakafuni, basi vigae na plasta vinarushiana sauti, na hata spika ya milioni itasikika kali. Mimi nilitandika busati nene kati ya kochi na spika, nikatundika pazia zito lenye mikunjo mingi, linalofunika ukuta wote wa dirisha. Kanga moja iliyovutwa haifanyi kitu, taka kitambaa kizito kilichokunjamana. Halafu mwite mtu ashike kioo ukutani, ubavuni mwa spika, akisogeze polepole nawe umekaa kwenye kochi. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga ikaja kwako. Hapo ndipo pa kabati la nguo milango wazi, au rafu ya vitabu. Nawe una kabati, limekuja bure.

Treya za mayai usibandike. Zinapunguza ukali kidogo tu, na kwa jirani hazizuii lolote.

Kwa ajili ya yule mama, spika zisikae ukuta wake wala kwenye pembe. Pembe inanenepesha besi, na besi ndiyo inayopita ukutani. Ziweke upande ulio mbali naye, zitoke ukutani shubiri mbili na nusu.

Kijana_wa_Keko

Fundi, swali kidogo. Hizo stendi zinauzwa wapi? Huku naona meza za TV tu.

Fundi_Chumbageni

Hazihitaji kununuliwa. Tofali la inchi 6 lisimamishe wima, juu yake laza jingine, unapata sentimita 60 na kidogo. Yashikishe kwa udongo wa saruji yasije yakamwangukia mtoto. Twita itakuja usawa wa sikio la mtu aliyekaa kwenye kochi. Kati ya tofali na spika weka vipande vinne vya ndala kuukuu, kimoja kila kona, ili boksi lisitetemeshe tofali. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa kila spika mpaka kichwani pako, kisha zigeuze kidogo zikuangalie. Dada wa Mombasa, kofi lako hilo nami nitalitumia kibandani.

Mwana_Rangi3

Wakuu nimerudi baada ya wiki tano. Mzee Fundi, dada yangu wa Mombasa, asanteni mno.

Spika nimepata Wharfedale za mtumba, laki na sitini baada ya kuvutana sana, ukingo wa mpira. Muuzaji alishangaa nilipotoa betri mfukoni. Amplifaya elfu themanini na tano, chaja nilikuwa nayo. Deki sabini na tano, ilikuwa imekatika mkanda, nikafunga mwingine mwenyewe. Tofali nne alinipa jirani anayejenga. Busati ninalo, pazia bado, kwa sasa nimetundika blanketi.

Simu inapiga vizuri sana. Ila kanda ya kwanza ya mzee imenichanganya. Magitaa yapo, safi, nasikia hadi kidole kinavyoteleza kwenye waya. Lakini mwimbaji hana mahali. Nikigeuza kichwa kidogo anahama. Ni kama anaimba pande zote mbili za masikio na katikati hakuna mtu, na gitaa la besi limepotea. Deki ni mbovu?

Fundi_Chumbageni

Deki yako nzima. Umegeuza waya wa spika moja, chanya umeweka kwenye hasi. Koni moja ikija mbele nyingine inarudi nyuma, zinakatana, na besi ndiyo ya kwanza kufa. Kwenye muziki wa simu hukugundua kwa sababu ule umetawanywa kushoto na kulia. Kanda ya mono haina pa kujificha: sauti ile ile kabisa inatoka spika zote mbili, kwa hiyo mwimbaji lazima asimame katikati, pembamba, kama kuna spika ya tatu usiyoiona. Asiposimama, kuna kitu kimegeuzwa. Zima amplifaya, geuza waya wa spika moja tu, washa, kaa pale pale.

Mwana_Rangi3

Mzee wangu. Ilikuwa ya kushoto.

Nimegeuza, nimekaa, na mwimbaji amekuja katikati, usawa wa kifua changu, juu ya stuli nilipoweka deki. Nyuma yake kidogo waitikiaji wawili, nilikuwa sijui ni wawili. Gitaa la besi limerudi, halivumi, linatembea, nalifuata noti kwa noti. Mwisho wa wimbo mtangazaji anaanza kusema, kisha linasikika "kaa", kitufe cha kusimamisha kinabonyezwa. Hicho ni kidole cha baba. Nimeirudisha hapo mara nyingi.

Nimegonga kwa mama wa jirani saa tatu usiku kumuuliza kama inamfikia. Amesema hakujua kama nina redio.

Sasa nina maswali mawili. Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijafa. Na kanda moja, ya tarehe 14/8/86, imekatika ndani. Niunge kwa selotepu?

Fundi_Chumbageni

Selotepu hapana, hata kidogo. Gundi yake inavuja kwa joto, inanata kwenye hedi na kwenye zamu inayofuata ya kanda, utapoteza zaidi. Agiza utepe maalumu wa kuungia kanda za kaseti. Ukanda wa kaseti una upana wa milimita 3.8, na utepe usizidi hapo. Kama ganda lina skrubu tano, lifungue juu ya kitambaa cheupe ili uone kila kitu kikianguka. Kama limegandishwa, lipasue kwa wembe kwenye mshono, uhamishie magurudumu kwenye ganda la kanda nyingine yenye skrubu. Hilo ganda la zamani usilitupe, lina mwandiko wake. Ncha zote mbili zilaze pamoja, kata mara moja kwa mkasi kwa mshazari, zigusanishe bila kupandana, bandika utepe upande wa ndani, ule usioelekea hedi. Sugua kwa ukucha. Utapoteza chini ya sekunde moja ya muziki.

Kuhamisha, pata kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti ya laini. Tundu la maiki la kompyuta nyingi linapokea maiki tu, litakuharibia. Programu ya Audacity ni ya bure. Rekodi kwa 44,100 na biti 16, mono inatosha, kanda ya dakika 60 itachukua kama megabaiti 300. Ukisikia mvumo wa umeme, chomoa chaja ya kompyuta uitumie kwa betri. Mistari yote miwili ya deki, wa kushoto na wa kulia, ipige kwanza, uchague wenye sauti safi zaidi. Rekodi kanda nzima bila kukata, na hizo "kaa" zake uziache.

Anza na zile 62. Hiyo ya 14/8 ifanye mwisho, mkono ukiwa umeshazoea.

Mwana_Rangi3

Sawa mzee. Nimeagiza utepe leo. Kesho naanza na ya kwanza kwenye katoni, 3/1/82.